Mirathi Kibiti na Delta ya Rufiji: Andika Mali Kabla Mashahidi Hawajatawanyika

Mtu akifariki Msala, Kiongoroni au Mbwera, mara nyingi haachi hati ya nyumba wala kitabu cha benki. Anaacha mikorosho, minazi, mashamba ya mpunga, mtumbwi au mashua yenye mashine, nyavu, kiwanja alichogawiwa na kijiji, na madeni mawili matatu yaliyojulikana na yeye na mdai wake tu. Ushahidi wa mali hiyo uko vichwani mwa watu: jirani anayeujua mpaka, mzee aliyeshuhudia mauziano, mwenyekiti wa zamani aliyegawa viwanja. Watu hao wakifa au wakihama bila kuulizwa, haki ya mjane na yatima hupungua kila mwaka unaopita.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo shika jambo moja kuliko yote katika mwongozo huu: kazi ya kwanza ya familia baada ya mazishi ni kuandika orodha ya mali na madeni mbele ya mashahidi. Cheti, mahakama na mgawanyo hufuata, na vyote vitaitegemea orodha hiyo.

Siku za matanga: linda, usigawe

Kabla ya kuanua matanga, mkubaliane kwamba hakuna kitu kinachogawanywa, kinachouzwa wala kinachohamishwa. Nyaraka zote zikusanywe mahali pamoja na zikabidhiwe mtu mmoja anayeaminika mbele ya wengine: kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki, kitabu cha chama cha msingi cha ushirika, stakabadhi za korosho zilizopelekwa ghalani, leseni ya uvuvi, hati za mauziano, cheti cha ndoa, kadi ya pikipiki. Zipige picha kwa simu. Zifunge kwenye mfuko wa nailoni na mziweke nyumba iliyo juu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yametufundisha kwamba karatasi iliyoachwa bondeni haina usalama.

Simu ya marehemu isiguswe kwa ajili ya kutoa pesa, hata kama namba ya siri mnaijua. Pesa hiyo ni ya mirathi, na miamala yake inaonekana. Mashua ikiwa lazima iendelee kwenda baharini ili watoto wale, ateuliwe mtu mmoja wa kuisimamia, na kila mapato na kila lita ya mafuta iandikwe.

Mjane abaki nyumbani kwake. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika delta, eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi, na si wakati wa kumsumbua kwa maneno ya mali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo imesema wazi kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi apendapo, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume amtakaye mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Shemeji anayedai "kumrithi" hana sheria ya kusimamia.

Sajili kifo mapema

Kifo kinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya siku 30. Kikitokea hospitalini, hospitali hujaza fomu ya taarifa ya kifo. Kikitokea nyumbani, nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Kwa fomu hiyo mtaomba cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ama kwa mfumo wake wa mtandaoni, ama kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili. Muda ukipita bado mnaweza kusajili, ila utaratibu unakuwa mrefu na maswali yanaongezeka.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, kifo husajiliwa wilaya kilikotokea. Mgonjwa aliyepelekwa Muhimbili akafia huko, taarifa zake zitaanzia Dar es Salaam hata kama amezikwa Bungu. Pili, jina. Mtu anaweza kuwa na jina moja kwenye NIDA, jingine kwenye daftari la ushirika na jingine kwenye hati ya shamba. Mkikuta hali hiyo, andaeni kiapo kinachoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, kabla benki au mahakama haijawarudisha.

Orodha: hapa msikimbilie

Hitima ya arobaini huwaleta watu pamoja: wa Mafia wanavuka hadi Nyamisati, wa Mbagala wanapanda basi hadi Kibiti, wa visiwani wanakuja kwa mtumbwi. Nafasi ya kuwapata wote mahali pamoja hairudi haraka. Itumieni. Alika pia majirani wa mipaka, wazee wawili watatu wasio wa familia, na Mwenyekiti wa Kijiji au Mtendaji.

Msiandike "shamba moja la mikorosho" mkaishia hapo. Maandishi yanayomsaidia mtu huwa namna hii:

"Shamba la mikorosho, miti 46: 30 inazaa, 16 imezeeka. Mashariki linapakana na shamba la Bi. Fulani, magharibi barabara ya kwenda mtoni, kaskazini mwembe mkubwa, kusini bonde. Marehemu alilinunua mwaka 1998. Shahidi wa mauziano aliye hai ni Mzee Fulani. Minazi 5 iliyomo ndani si ya marehemu, ni ya dada yake."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayozuia kesi. Pwani yetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti: mtu alipanda minazi kwenye shamba la mjomba, au alinunua mikorosho bila kununua ardhi. Hesabuni miti, kisha ulizeni kila kundi la miti ni la nani.

Kwa vyombo vya baharini fanyeni vivyo hivyo: aina ya chombo, urefu, mashine ina nguvu za farasi ngapi, nyavu vipande vingapi, na kama kuna mshirika. Mashua nyingi ni za watu wawili. Nusu ya mshirika haiingii kwenye mirathi, na nusu ya marehemu haitoki kwenye mirathi eti kwa sababu mshirika ndiye aliyebaki nayo.

Orodha iwe na sehemu nne: mali za marehemu, madeni aliyodaiwa, madeni aliyowadai wengine (pamoja na malipo ya korosho yaliyokuwa yanasubiriwa baada ya mnada), na mali zilizomo nyumbani ambazo si zake. Sehemu ya nne husahaulika, na anayeumia ni mjane. Shamba alilofyeka mwenyewe, cherehani aliyonunua kwa pesa za upatu, mbuzi aliopewa na babake, hivyo ni vyake na havirithiwi na mtu wakati yeye yu hai. Na pale ambapo mume na mke walichuma pamoja, mchango wake utajwe kwenye orodha ili sehemu yake itengwe kabla ya kugawa.

Mwisho, waliohudhuria waandike majina, namba za simu, na waweke saini au dole gumba. Toeni nakala tatu: moja ibaki kwa familia, moja kwa Mtendaji, moja iende mahakamani.

Kikao cha familia na kumpata msimamizi

Siku hiyohiyo au siku nyingine, familia ikae kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari uandikwe: tarehe, waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, majina ya warithi wote pamoja na walio mbali na walio tumboni, jina la aliyependekezwa, na hoja za waliopinga kama wapo. Muhtasari haumpi mtu madaraka. Madaraka hutolewa na mahakama. Lakini mahakimu huutaka ili kujua kama ndugu wameshirikishwa.

Nani anafaa? Mtu mwaminifu, anayejua kusoma na kuandika, anayeweza kufika mahakamani na kufika shambani. Si lazima awe kaka mkubwa wala mwanamume. Mjane anaweza kuwa msimamizi, binti anaweza, na mnaweza kuomba wawili wasimamie pamoja. Kama ndugu hawaaminiani kabisa, familia inaweza kupendekeza mtu asiyerithi, au kumwomba Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko RITA.

Msimamizi si mmiliki. Kazi zake ni tatu: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kilichobaki kwa wenye haki. Akimaliza, kazi imekwisha.

Kama marehemu aliacha wosia, usomwe kwenye kikao hicho na upelekwe mahakamani. Muislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali iliyobaki baada ya madeni, na wosia kwa mrithi haushiki mpaka warithi wengine waridhie.

Mahakamani

Kwa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila, mlango wa kwanza ni Mahakama ya Mwanzo ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu. Makazi ndiyo yanayoamua mahakama, si mahali mali ilipo. Aliyekuwa anaishi Mbagala akaacha shamba Mlanzi, mirathi yake hufunguliwa Temeke, ambako kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia masuala ya familia. Aliyeishi Salale, hata kama ana nyumba Chamazi, mirathi yake ni ya Mahakama ya Mwanzo ya upande wa Kibiti. Marehemu Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila, shauri lake linapelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352.

Shehe au kadhi wa BAKWATA anaweza kuwapigia hesabu ya mafungu na kuwapatanisha, na ni vyema kumwendea. Ila Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi yenye mamlaka ya dola. Karatasi ya shehe au kadhi huyo haitakubaliwa benki wala haitambadilishia mtu umiliki. Mnahitaji yote mawili: hesabu ya mwanazuoni na amri ya mahakama.

Safari kutoka visiwani hadi Kibiti ina nauli ya boti na ya gari, na inangoja maji yajae. Kabla ya kupanda chombo hakikisha una cheti cha kifo na nakala zake, muhtasari wa kikao, orodha ya mali, majina na umri wa warithi, vitambulisho, cheti cha ndoa, wosia kama upo, na wadhamini walio tayari kufika. Mahakamani utajaza Fomu Na. 1 ya maombi. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Likipita bila pingamizi, au pingamizi likiamuliwa, msimamizi huteuliwa na kupewa Fomu Na. 4. Hiyo ndiyo karatasi ambayo benki, kampuni ya simu, chama cha ushirika na mfuko wa hifadhi ya jamii wataitaka.

Tangu siku ya kuteuliwa, msimamizi ana miezi minne kuwasilisha mahakamani taarifa ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Baadaye hutoa hesabu kwa Fomu Na. 6: nini kimeingia, nini kimelipwa, nini kimeuzwa, nani kapewa nini. Aliyekuwa na orodha ya arobaini anajaza fomu hizo kwa siku moja.

Madeni kwanza, mafungu baadaye

Mpangilio ni huu: gharama za mazishi, madeni, wosia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Deni la mahari ya mke lisilolipwa nalo ni deni.

Chukua mfano wa mume aliyeacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na binti mmoja, wazazi wake wakiwa wametangulia. Baada ya madeni imebaki mali ya thamani ya shilingi 8,000,000. Kwa sheria ya Kiislamu mke mwenye mume aliyeacha watoto hupata thumuni (moja ya nane), yaani 1,000,000. Zinabaki 7,000,000, ambazo watoto hugawana kwa mwanamume kupata mafungu mawili ya mwanamke: kila mtoto wa kiume 2,800,000, binti 1,400,000. Wangekuwa wake wawili, wangegawana ile thumuni moja. Kama mama wa marehemu angekuwa hai, angepata sudusi (moja ya sita), na mafungu ya watoto yangepungua. Hapo ndipo watu hukosea: humsahau bibi aliye kijijini kwa kuwa ni mzee. Fungu lake ni haki yake hata kama ana siku moja ya kuishi.

Mikorosho hailazimiki kuuzwa ili igawanywe. Inaweza kupewa thamani, kisha mmoja achukue shamba, mwingine mashua, na tofauti ilipwe kwa fedha. Yawekeni makubaliano hayo kwa maandishi na yafike mahakamani.

Familia zinazofuata mila ya kuumeni zijue kwamba kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali Na. 436, zimemweka binti nyuma ya kaka zake, lakini hazisimami peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba binti aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa babake ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume.

Fungu la mtoto mdogo halichanganywi na la mlezi wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake. Na wewe uliye hai, ukiwa na mtoto wa nje ya ndoa ambaye kwa sheria ya Kiislamu hatakurithi, mpe hiba leo au muusie ndani ya theluthi. Usimwachie vita.

Ardhi ya delta ina mambo yake

Sehemu kubwa ya mikoko ya Delta ya Rufiji ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Watu wamelima mpunga humo kwa miaka mingi, na wengine wanahesabu mashamba hayo kuwa ya kwao. Kisheria msimamizi hawezi kugawa ardhi ambayo marehemu hakuwa na haki ya kuimiliki. Andika mashamba hayo peke yake kwenye orodha, eleza kwamba yalikuwa ya kulima tu, kisha ulizeni TFS na serikali ya kijiji kabla ya kumgawia mtu. Kamwe msiyauze. Mnunuzi akifukuzwa atarudi kudai fedha kwa warithi.

Halafu kuna mali za pande mbili. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kwenda vijiji vya juu. Familia nyingi hadi leo zina nyumba juu na shamba bondeni. Msimamizi afike vijiji vyote viwili, apate maandishi ya watendaji wa pande zote.

Tatizo kubwa zaidi ni shamba la babu. Baba amefariki, lakini shamba bado ni la babu aliyekufa zamani na mirathi yake haikufunguliwa. Msimamizi wa mirathi ya baba hana mamlaka juu ya mali ya babu. Fungueni kwanza ya babu, fungu la baba lijulikane, ndipo lishuke kwenu. Msingoje: muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na ndugu au mgeni aliyekaa shambani muda mrefu huzidi kupata nguvu.

Mgawanyo ukikamilika, kila mrithi wa ardhi ya kijiji aende halmashauri ya kijiji aandikishwe, na aombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa jina lake. Mjane na mabinti wasiachwe kwenye hati hizo.

Aliyepotea baharini, au asiyejulikana alipo

Wapo waliotoka na chombo wasirudi, na wapo waliotoweka nchi kavu. Kibiti inakumbuka mauaji na kutoweka kwa watu katika miaka ya 2016 na 2017. Familia isiyo na maiti haina kaburi wala cheti. Toeni taarifa polisi mara moja na mtunze namba ya taarifa hiyo. Sheria inaruhusu mahakama kumhesabu mtu kuwa amekufa ikiwa kwa miaka mitano hajasikika kwa watu ambao wangesikia habari zake kama angekuwa hai. Mashahidi waliomwona mara ya mwisho, waandikeni sasa.

Msimamizi akienda kombo

Mrithi yeyote anaweza kurudi kwenye mahakama ileile kuomba msimamizi atoe hesabu au uteuzi wake utenguliwe, kwa mfano akificha warithi, akiuza shamba na kula fedha, au akikaa kimya bila kuwasilisha taarifa. Usiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, rufaa hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Hesabu siku hizo tangu uamuzi. Usingoje ndugu wapatane.

Usiogope kwa kuwa huna fedha ya wakili. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na mwenye mirathi anaweza kujieleza mwenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Uliza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako jina la aliye karibu nawe.

Wewe uliye na matanga nyumbani leo, chukua daftari. Waite majirani wa mipaka kabla hawajaondoka, hesabuni miti, tajeni madeni, na mjane aseme kilicho chake mbele ya wote. Na wewe ambaye hujafiwa, andika mali zako mwenyewe mwezi huu, umwonyeshe mkeo au mumeo na watoto wako. Kuwaachia watoto mali bila maandishi ni kuwaachia kesi.